NENO "MAJIMBO" NA SISI WATU WA KASKAZINI MASHARIKI



Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala na hoja ilikuwa: "Serikali kuu yenye nguvu ni bora kuliko serikali za mashinani." Watetezi walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Wapinzani wakajibu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Makofi yalipigwa pande zote mbili. Mimi nilikuwa karani wa mjadala, kazi yangu kuandika tu, na nikaona kwamba neno "majimbo" lilitajwa mara nyingi sana lakini kila msemaji alikuwa na maana yake. Kwa mmoja lilikuwa maendeleo. Kwa mwingine lilikuwa kufukuzana. Kwa wa tatu lilikuwa gavana na msafara wake wa magari.

Kwa hiyo katika makala haya nataka tulisome neno hili kama tunavyosoma msamiati darasani. Tutaangalia lilitoka wapi, nani amelitumia, na limetufanyia nini sisi watu wa Garissa, Wajir na Mandera. Mwishoni nitatoa maswali matatu ambayo mtu yeyote anaweza kumwuliza mwanasiasa akija na neno hili mdomoni.

1. MAANA YA NENO LENYEWE

Jimbo ni sehemu ya nchi yenye mipaka yake. Hapo tunakubaliana. Lakini ukivuka mpaka maana hubadilika. Tanzania wakisema jimbo, mara nyingi wanataja jimbo la uchaguzi, yaani kile tunachokiita sisi eneo bunge. Kongo husema jimbo la Kivu ya Kaskazini, na hapo ni kama mkoa. Tukizungumza habari za Marekani, majimbo ni zile sehemu 50 ambazo kila moja ina gavana na sheria zake.

Hapa Kenya neno hili lilipita njia nyingine. Liliacha kuwa jina la mahali likawa jina la siasa. Mtu husema "mimi ni wa majimbo" kama vile mtu anavyosema ni wa chama fulani. Mambo hayo yalianza miaka ya 1960.

2. KANU, KADU NA SISI TULIOKUWA NJE

Vyama viwili vikubwa vilianzishwa mwaka wa 1960. KANU, chama cha akina Jomo Kenyatta, Tom Mboya na Jaramogi Oginga Odinga, kilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. KADU, chama cha akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kiliogopa kwamba makabila makubwa yatameza madogo, kwa hiyo kikadai majimbo yenye mabaraza yake. Walibishana kwa ukali sana katika mikutano ya katiba ya Lancaster House, London, hasa ule wa 1962.

Sasa sisi tulikuwa wapi? Eneo letu lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee wengi bado huiita NFD. Waingereza walikuwa wamelifunga kwa sheria za wilaya za mbali, mojawapo ya mwaka 1902 na nyingine ya 1934. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Vyama vya siasa havikuruhusiwa mpaka mwaka 1960. Ndiyo maana hata leo mzee akipanda basi kwenda Nairobi utasikia anaulizwa, "Unaenda Kenya?" Watu hucheka, lakini mzaha huo una historia ndani yake.

Siasa ziliporuhusiwa, chama kilichovuta watu wengi huku hakikuwa KANU wala KADU. Kilikuwa NPPPP, chama cha maendeleo cha watu wa Mkoa wa Kaskazini, kilichotaka eneo lijitenge na kuungana na Somalia. Hilo lilikuwa vuguvugu la wananchi hasa. Mwaka wa 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mmoja kutoka Kanada, kuja kuuliza watu maoni yao. Tume ikaona kwamba Wasomali karibu wote wanataka kujitenga. Baadhi ya jamii nyingine, kama zile za kando ya Mto Tana, zilitaka kubaki Kenya.

Jibu la Waingereza lilitoka Machi 1963. Hakuna kujitenga, badala yake litaundwa jimbo la saba, Jimbo la Kaskazini Mashariki. Kwa maneno mengine, watu waliomba mlango wakapewa dirisha. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, watu huku waliususia.

Angalia jambo hili vizuri, ndugu msomaji. Wenzetu wa Pwani na Bonde la Ufa walipata mabaraza ya majimbo na wakakaa humo, ingawa kwa muda mfupi. Sisi ambao jimbo letu liliundwa ili kutuliza hasira yetu, tulilikataa kabla halijaanza. Kwa hiyo majimbo ya kwanza tuliyasikia kwa jina tu.

3. SERIKALI KUU ILIPOKUJA PEKE YAKE

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Kabla ya wiki mbili kwisha, tarehe 25 Desemba, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo letu. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea mpaka mwaka 1967, wakati Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa na mifugo mingi sana ikapotea. Kwa mfugaji, kupoteza ngamia ni kupoteza benki, chakula na gari kwa siku moja.

Huko Nairobi nako majimbo yalikuwa yanakufa. KADU ilijivunja Novemba 1964 na viongozi wake wakaingia KANU. Mabaraza ya majimbo yalinyang'anywa mamlaka hatua kwa hatua, na Seneti ikaunganishwa na Bunge mwaka 1966. Majimbo yakageuka mikoa, na mkuu wa mkoa akawa anateuliwa na Rais. Halafu mwaka 1965 serikali ilitoa waraka namba 10, uliosema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye rutuba na mvua, kwa sababu huko zitaleta faida haraka. Sisi wa jua na mchanga tukaambiwa tungoje.

Vita viliisha 1967, lakini hali ya hatari haikuisha. Iliondolewa Novemba 1991. Hesabu mwenyewe: ni karibu miaka 28. Katika miaka hiyo, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Karatasi hapa Garissa ulichomwa moto na watu wakawekwa uwanjani bila chakula. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla kule Wajir. Mwanzoni serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika hutaja mamia na hata zaidi. Mwaka wa 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mambo hayo katika ripoti yake, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha kwa makosa ya serikali zilizopita.

Siandiki haya ili tuchukiane. Nayaandika kwa sababu yule mwenzetu aliyesema fimbo ya mbali haiui nyoka aliacha nusu ya habari. Kwetu fimbo ya mbali haikuua nyoka, ni kweli, lakini ilimfikia mwenye nyumba. Barabara, maji na dawa vilichelewa njiani. Askari hawakuchelewa.

4. NENO LINABADILI WENYEWE

Sasa tuje kwenye jambo lililonishangaza zaidi nilipokuwa nasoma habari hizi.

Moi wa mwaka 1962 alikuwa mtu wa KADU na wa majimbo. Moi aliyekuwa Rais kutoka 1978 mpaka 2002 aliongoza serikali kuu yenye nguvu nyingi. Vyama vingi vilipokuwa vinadaiwa mwaka 1991, baadhi ya wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa walianza tena kuimba majimbo mikutanoni, na safari hii waliosikiliza walielewa kwamba "wageni" warudi kwao. Vita vya kikabila vikatokea, watu wakauawa na wengine wengi kufukuzwa katika mashamba. Tangu hapo Wakenya wengi wakisikia majimbo, wanasikia kufukuzwa.

Upande wa pili, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa KANU na aliyapinga majimbo mwaka 1962. Mwanawe, Raila Odinga, aliyapigia debe katika kampeni ya 2007 akiwa na ODM, na upande wa Rais Mwai Kibaki ukasema yataligawa taifa. Mtoto amesimama mahali alipopinga baba! Mwaka 2010 Kibaki na Raila wakaungana kuitetea katiba mpya, naye William Ruto na mzee Moi wakawa upande wa kuipinga. Ruto amekuwa Rais tangu 2022 na anaongoza kwa katiba hiyo hiyo.

Mimi nimejifunza nini hapo? Kwamba wengi walidai mamlaka yashuke chini wakiwa wako nje, na walipoingia ndani wakaona mamlaka yanatosha pale yalipo. Kumbe neno halina makosa. Tazama anayelishika, na siku anayolishika.

Hata jirani zetu wanalijua jambo hili. Somalia ilipopata katiba ya shirikisho mwaka 2012, ugomvi wa Mogadishu na majimbo haukuisha. Desemba 2024 askari wa serikali ya Mogadishu na wa Jubaland walipigana Ras Kamboni, karibu kabisa na mpaka wetu. Kuandika "shirikisho" katika katiba hakutoshi. Lazima ijulikane nani ana kazi gani.

5. UGATUZI: NENO JIPYA, KAZI MPYA

Katiba ilipigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Kaskazini Mashariki walisema ndiyo. Neno majimbo lilikuwa limeshachafuka, kwa hiyo likaja neno ugatuzi. Kaunti zikawa 47, na magavana wa kwanza wakachaguliwa Machi 2013.

Katiba imegawa kazi. Kaunti zina hospitali, maji, mifugo, barabara ndogo na shule za chekechea. Serikali kuu ina polisi, jeshi, uhamiaji, mitihani na shule kama hii yetu. Kaunti zinatakiwa zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kuna Hazina ya Usawazishaji ya nusu ya asilimia moja kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Hazina hii imechelewa sana kutoa fedha, lakini imo katika sheria.

Mambo yamebadilika? Ndiyo. Miji ya Wajir na Mandera ilipata lami yake ya kwanza mitaani baada ya ugatuzi, nusu karne baada ya uhuru. Mama mwenye uchungu wa uzazi anaweza kupasuliwa karibu zaidi kuliko zamani. Hilo si jambo dogo.

Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mfugaji wa Hulugho akitazama Garissa mjini, anaiona kama vile sisi tulivyoiona Nairobi: mbali, na pesa zinaishia huko. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huuliza maswali juu ya matumizi ya kaunti kila mwaka. Tena kuna suala la wazee wa koo kukaa na kugawana viti kabla ya uchaguzi. Faida yake ni amani, nami siibezi, kwa sababu damu imewahi kumwagika kwa ajili ya viti. Ila katika baraza hilo koo ndogo hazina sauti, na mimi kama msichana nauliza: mama zetu wamekaa wapi hapo? Mamlaka yakitoka Nairobi yakaishia chini ya mti wa wazee, bado hayajanifikia mimi.

6. MFANO WA SHILINGI

Mfano mmoja utaonyesha kwamba ugomvi huu si wa vitabuni. Kanuni ya kwanza ya kugawa fedha za kaunti ilikuwa hivi: idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na uwajibikaji wa fedha 2. Mwaka 2020 Seneti ilijadili kanuni mpya iliyotoa uzito zaidi kwa idadi ya watu. Waliotaka hivyo walikuwa na wimbo mtamu: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti zetu tatu zingepoteza pesa nyingi. Maseneta walibishana kwa miezi, wengine wa vyama mbalimbali wakaungana kukataa. Septemba 2020 walikubaliana, baada ya kuahidiwa kwamba fedha za kaunti zitaongezwa kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili isiwepo kaunti ya kupunguziwa.

Hebu tufanye hesabu. Kwa sensa ya 2019 Garissa ina watu kama 841,000 katika kilomita mraba kama 44,000. Ni watu 19 hivi kwa kila kilomita mraba. Kiambu ina watu zaidi ya milioni 2.4 katika kilomita mraba kama 2,500, yaani zaidi ya watu 900. Ambulensi ya Kiambu ikienda kilomita kumi imepita watu maelfu. Ya huku ikienda kilomita mia moja labda imefikia boma moja. Dizeli haihesabu vichwa, inahesabu mwendo.

Lakini tuwe wa haki. Mzazi wa Kiambu ambaye mtoto wake amesongamana darasani na mgonjwa wake yuko kwenye foleni ndefu, naye hadanganyi. Kodi yake inatoka, naye anataka aione. Kosa la wimbo ule ni kwamba ulimfanya aamini pesa zake zinaliwa na mtu wa Mandera. Hakuna aliyemwambia kuwa kwa miaka mingi mtu wa Mandera alikuwa akingojeshwa ili Kiambu ipate kwanza. Wimbo mfupi huacha mambo marefu nje.

7. MASWALI MATATU

Basi mwanasiasa akija, awe wa serikali kuu au wa mashinani, mwulize haya:

(a) Mamlaka ya kufanya kazi gani?
(b) Pesa zitatoka wapi, na zitagawanywa kwa kipimo gani?
(c) Ukitukosea, nani anaweza kukuondoa?

Tujaribu maswali haya. Jimbo la saba la 1963: kazi zake ziliandikwa, lakini pesa zilitegemea Nairobi na watu hawakulikubali, likafa. Mkuu wa mkoa wa wakati wa hali ya hatari: kazi yake ilikuwa kila kitu, na sisi hatukuweza kumwondoa kabisa. Gavana wa leo: kazi zake zinajulikana, pesa zina kanuni, na anaweza kuondolewa kwa kura au kwa baraza la kaunti na Seneti. Mwaka 2021 Seneti ilipitisha kumwondoa gavana wa Wajir, ingawa kesi zilifuata. Zamani nani angethubutu hata kuota jambo kama hilo?

Hata hivyo si kila kitu kishushwe. Januari 2020 walimu watatu waliuawa na magaidi huko Kamuthe, hapa kaunti yetu, na baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Madarasa yakabaki matupu. Wako wanaosema kama walimu wangekuwa chini ya kaunti, lisingetokea. Mimi sikubali moja kwa moja. Kaunti haina polisi wa kuwalinda, na haikuwa na walimu wenyeji wa kutosha wa kujaza nafasi. Hapo tulihitaji serikali kuu ilinde, na kaunti isomeshe vijana wake wawe walimu. Fimbo mbili, nyoka mmoja.

Msimamo wangu ni huu. Naunga mkono ugatuzi kwa sababu tulijaribu miaka 28 ya serikali kuu peke yake na tukaona. Lakini siungi mkono ugatuzi unaosimama mjini. Ushuke mpaka wadi, mpaka kisima, mpaka kwa mama na kwa koo ndogo. Na serikali kuu ibaki na nguvu ya kulinda haki ya kila mtu, lakini nguvu hiyo ifungwe na sheria. Anayepinga maoni haya namkaribisha ajibu katika toleo lijalo, mradi atueleze kwanza neno "majimbo" analitumia kwa maana ipi.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza tofauti ya kujitenga, majimbo na ugatuzi. Toa mfano mmoja wa kila moja kutoka historia ya Kenya.
2. Kwa nini watu wa Kaskazini Mashariki walisusia uchaguzi wa Mei 1963? Je, ungekuwa wewe ungefanyaje?
3. Tunga kanuni yako ya kugawa fedha za kaunti. Jumla iwe asilimia 100, na uitetee mbele ya mwanafunzi wa Kiambu.
4. "Kikulacho ki nguoni mwako." Jadili methali hii ukirejelea kaunti yako.